Kulwa Hakuwa Marudio

Kabla hamjaniuliza ni programu gani nzuri ya kupangia matokeo, niwafundishe kwanza namna ya kutia giza darasani. Projekta haipendi jua, na jua la Simiyu halina adabu. Linaingia hata pale ulipoliziba. Mapazia shule haina. Mimi nilitumia magunia ya pamba, yale makubwa, nikayapigilia misumari kwenye madirisha ya kidato cha tatu. Giza nililipata. Nilipata pia joto, vumbi la pamba, chafya za watoto sitini na kitu, na binti mmoja aliyeanguka tukadhani ana mapepo, kumbe amekosa hewa. Kwa hiyo zibeni madirisha ya upande wa jua tu. Projekta isogezeni karibu na ukuta, hata kama picha itatoka ndogo kama leso. Picha ndogo inayoonekana ni bora kuliko kubwa ambayo inabidi uielezee kwa mdomo.

Na simu yako usiiunganishe na projekta. Nilifanya hivyo nikiwa nafundisha mabamba ya dunia yanavyosukumana, na katikati ya bara la Afrika ukashuka ujumbe wa mke wangu: "Baba Neema, dagaa uliyemficha kabatini paka ameshamwona." Muhula mzima niliitwa Mwalimu Dagaa. Baadaye, nilipoanza kutengeneza kompyuta za ofisini kwa kuzizima na kuziwasha tena, nikapandishwa cheo, nikawa Mwalimu Kompyuta. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyokuwa nikionyesha. Nilikuwa na digrii ya Elimu kutoka chuo kikuu, nilikuwa nimetoka Rungwe kwenye migomba na mvua, nimepangiwa sekondari ya kata upande wa Kasoli, kwenye pamba na vumbi, na nilitaka sana kuwa mtu wa kitu fulani.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Ni umri ambao serikali inakuruhusu uondoke na wanafunzi wanakuombea uondoke. Nyinyi mnaoanza kazi sasa mnanitumia ujumbe mkiniita "legendi", mnaomba majedwali yangu ya zamani. Majedwali nitawapa. Lakini kuna moja ambalo siwezi kulitoa bila maelezo, na maelezo yenyewe ndiyo haya.

Niwape kwanza jambo ambalo mtu wa kutoka mbali hulijua akishachelewa. Huku usukumani pacha anayetangulia kutoka tumboni huitwa Kulwa, anayefuata huitwa Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Wawe wa kike au wa kiume, ni hivyo hivyo. Ukisimama paredi ukaita "Kulwa!" wanageuka saba, na mmoja ni mwalimu wa zamu. Katika kidato changu nilikuwa na Kulwa na Doto wa Mzee Luhende, mabinti wawili waliofanana mpaka kovu la goti, kwa sababu walianguka pamoja kutoka kwenye mkokoteni mmoja. Niliwatofautisha kwa njia moja tu. Kulwa alisema, na Doto alicheka.

Siku ile ya magunia niliwaonyesha video ya mlima wa volkano ukitapika moto. Nilitegemea mshangao. Kulwa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo anayepiga picha amesimama wapi?"

"Mbali."

"Mbona moto uko karibu?"

"Kamera inavuta, Kulwa. Inaleta karibu vitu vya mbali."

"Sasa kama inavuta, mbona kila siku unatuambia sisi ndio tusogee?"

Doto akacheka, darasa likafuata, na mimi nikazima jenereta nikisema mafuta yameisha.

Aliyenipokea kazini alikuwa Madamu Tatu, mwalimu wa taaluma, mama wa Tabora mwenye sauti iliyovuka uwanja wa mpira bila kipaza. Mwalimu wa taaluma, kwa msiojua, ndiye anayeshika majina, alama, ratiba na mitihani ya shule nzima. Madamu Tatu alivishika vyote kwenye kaunta buku moja lenye jalada la kitambaa, na kila mwaka wakati wa usajili wa kidato cha nne alifanya jambo lililokuwa likinichosha hadi mifupa. Aliandika orodha ya watahiniwa kwa mkono, akaibandika ubaoni, kisha akaita jina moja moja paredini. Mtoto aliyeitwa anatoka, anatembea hadi ubaoni, anatafuta jina lake, analisoma kwa sauti, anaweka sahihi mbele yake kwa kalamu ya wino. Watoto mia na zaidi. Asubuhi nzima inakwenda. Kipindi changu cha jiografia ndicho kilichokuwa kinaliwa kila mwaka.

Alipokaribia kustaafu nikamrithi. Nikamwambia kwa upole wa mtu aliyeshinda kwamba mambo hayo sasa yatafanywa na kompyuta.

"Wewe kijana wa digrii," akasema, wakati huo nina miaka arobaini na mingi, "orodha haipuliziwi dawa kama pamba. Inapaliliwa kwa mkono, mche kwa mche."

"Madamu, dunia imebadilika."

"Majina ya watu hayajabadilika. Mtoto alione jina lake kwa macho yake."

Nikamsindikiza stendi ya Bariadi, nikambebea begi, nikanunua maji ya njiani, nikarudi shuleni na kuliweka kaunta buku lake juu ya kabati, chini ya globu iliyovunjika. Nilidhani ninaliheshimu.

Sasa sikilizeni namna mtu mwerevu anavyoharibu kazi. Majina ya watoto wa kidato cha nne yalikuwa kwenye majedwali manne ya eksel, yaliyotengenezwa na walimu wanne kwa miaka minne. Niliyaunganisha. Wale waliokuwa wamehama mkondo walitokea mara mbili. Eksel ina kitufe cha kuondoa marudio: kinalinganisha mistari, kikikuta inayofanana kinaacha wa kwanza na kufuta unaofuata. Lakini kwanza kinakuuliza, nilinganishe safu zipi? Unaweka tiki.

Nilipoweka tiki safu zote, hakikufuta kitu. Nikatazama nikaona tatizo: jina la kwanza. Binti mmoja mwalimu huyu kamwandika Ng'wasi, yule Ngwasi, mwingine, kijana wa Dar, kamwandika Mwasi. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Nikafikiri. Nakumbuka hata raha niliyoisikia, ile ya mtu anayemzidi akili mwenzake kwenye bao. Nikasema, basi jina la kwanza haliaminiki, tuliache. Nikaondoa tiki kwenye safu ya jina la kwanza. Nikabakiza jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na simu ya mzazi. Nani na nani wanaweza kulingana kwa vyote vitatu kama si mtu yule yule?

Nikabonyeza. Ikaandika: mistari tisa imeondolewa. Nikashukuru. Nikaituma orodha kwenye mfumo wa usajili siku hiyo hiyo, kisha nikaiweka kwenye kundi la wasap la wazazi, na chini yake nikaandika, "Mzazi, hakiki jina la mwanao." Kundi lile lilikuwa na wazazi thelathini. Wengine walikuwa na vitochi, simu za kupigia na kumulika njia. Ubaoni sikubandika kitu. Paredini sikuita mtu. Niliokoa asubuhi nzima, na nikaitumia asubuhi hiyo kuandaa mada ya semina, kwa maana nilikuwa nimealikwa Bariadi mjini kuwafundisha walimu wenzangu matumizi ya TEHAMA shuleni.

Alfabeti haijui Kisukuma. Nilikuwa nimeyapanga majina kwa herufi, na D hutangulia K. Kompyuta ikamwona Doto Luhende kwanza. Ilipofika kwa Kulwa ikakuta ukoo ule ule, siku ya kuzaliwa ile ile, simu ya baba ile ile, ikasema huyu nimeshamwona.

Tulijua siku namba za mtihani zilipotoka, usajili ukiwa umeshafungwa. Mkuu wa shule, mtu mpole na mwenye haraka, alikuwa akiwagawia darasani na mimi nimeshika karatasi. Doto akapata. Kulwa akangoja. Orodha ikaisha.

"Mwalimu, mimi bado," akasema.

Mkuu akanigeukia. "Vipi?"

"Mfumo umemkata," nikasema.

Naapa kwamba dakika ile niliamini. Tulikuwa tumeshazoea, kila kilichotupotea kilikuwa kimeliwa na mfumo. Mkuu akakuna kichwa. "Si ndiye ambaye baba yake alichelewesha cheti cha kuzaliwa?"

Ni kweli Mzee Luhende alichelewesha vyeti. Alikwenda mjini kwa baiskeli mara mbili, maana mara ya kwanza kwenye cheti cha Kulwa walimwandika Ruhende, kwa R, akakataa kuondoka na jina la mtu mwingine. Lakini alivileta. Nilivipokea mimi mwenyewe, vyote viwili, wiki mbili kabla sijatuma orodha. Alinyoosha kona za karatasi kwa kiganja kabla ya kunikabidhi.

"Ndiye," nikasema. Neno hilo moja halikuwa uongo. Mkuu alikuwa ameuliza kama ndiye baba aliyechelewesha, na ndiye alikuwa. Yaliyobaki yalijitengeneza yenyewe vichwani mwa watu, mimi nimesimama.

Mchana ule nilifungua faili la zamani, lile la kabla ya kuondoa marudio, nikaliweka kando ya jipya. Sikuchukua muda kuliona kosa langu. Nilibonyeza kitufe cha kutengua, kama mjinga, kwenye faili nililokuwa nimeshalifunga wiki nyingi nyuma.

Kesho yake nikaenda ofisi ya elimu, Bariadi. Aliyenipokea alikuwa afisa wa kike, kijana, mstaarabu, na nawaomba msimlaumu maana yeye peke yake katika habari hii alifanya kazi yake.

"Mwalimu wangu, usajili ulishafungwa."

"Najua. Naulizia njia."

"Kosa ni la nani, la mzazi au la shule?"

"Kwani lina tofauti?"

"Kubwa. Kama mzazi alichelewesha viambatisho, basi tena, atasubiri mwakani. Kama shule ndiyo iliyomwacha mtoto, Mkuu aandike barua, na mwalimu wa taaluma aandike maelezo yake jinsi ilivyotokea, asaini. Tuisukume juu. Siahidi kitu, maana muda umebana. Lakini nitakuwa na kitu cha kusukuma."

Nikamwangalia. Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo la semina ya wiki iliyofuata, na mtoa mada wa kwanza nilikuwa mimi. Mada: usafi wa taarifa za wanafunzi.

"Sawa," nikasema. "Nitafuatilia."

Vijana, mtasikia neno hilo sana katika utumishi. Mtalitumia pia. Mkilisikia likitoka kinywani mwenu, simameni mjiulize ni nani anayezikwa.

Sikufuatilia. Mkuu aliponiuliza wamesemaje, nikamwambia wamesema usajili umefungwa, na suala la viambatisho ni la mzazi. Barua sikuiomba, maelezo sikuyaandika. Sijui kama barua ingekubaliwa. Watu wamenifariji kwa hilo, kwamba pengine ingekataliwa. Lakini mtu aliyeandika barua ikakataliwa anajua alipo. Mimi sijui nilipo mpaka leo.

Siku chache baadaye Doto alinifuata ofisini, peke yake. Hakucheka.

"Mwalimu, mpe Kulwa namba yangu. Yeye ndiye anayejua hesabu. Hatutofautiani, msimamizi hatajua."

Nikampa hotuba. Nikamweleza udanganyifu katika mtihani ni nini, na adhabu yake, na jinsi taifa linavyojengwa kwa uaminifu. Niliongea vizuri sana. Alipokuwa anaondoka akasema kwa sauti ndogo, "Kulwa naye amekataa. Amesema hataki kuiba, anataka jina lake."

Ikabidi niende kwao, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa darasa na ilikuwa desturi. Mzee Luhende alinikaribisha uani, akanipa kigoda cha heshima na kikombe cha bati cha maziwa mgando. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na cha taratibu. Mwalimu alimwita ng'walimu, kama wazee wengi wa hapa. Nikaeleza habari ya mfumo. Mabinti walisimama nyuma ya mama yao. Sikutaja cheti. Haikuhitajika, habari yake ilikuwa imeshafika pale kabla yangu.

"Baba," Kulwa akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili mimi nisikie, "ungekipeleka mapema."

Mzee akatazama viganja vyake.

"Watu wote walipeleka mapema. Wewe ukakaa unagombania herufi moja."

"Ni kweli, mwanangu."

"Sasa na hiyo herufi utanipa nikafanye nayo mtihani?"

Mama yake akamkemea kwa Kisukuma. Mzee akainua mkono, mwacheni aseme. Na mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikunywa maziwa yale yote, kwa sababu kuyaacha ni dharau, na nilikuwa mtu ninayejali sana heshima.

Alinisindikiza hadi barabarani akikokota ile baiskeli yake. Tulipofika akanipa mkono, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko cha kulia, kama wanavyompa mkubwa.

"Ng'walimu, nisamehe. Nimekuharibia kazi yako."

Nikamwambia hapana neno, Mzee. Ndivyo nilivyomjibu. Hapana neno.

Semina ilikwenda vizuri. Nilionyesha kitufe cha kuondoa marudio na walimu wakapiga makofi. Sikuwaambia habari ya safu ya jina la kwanza, kwa hiyo huenda kuna Kulwa wengine ambao siwajui.

Asubuhi ya mtihani wa kwanza mabinti walikuja wote wawili, sare zote mbili zimepigwa pasi. Kulwa akamsindikiza mwenzake mpaka kwenye kamba iliyofungwa kuzuia watu, akampa rula, akasimama. Mlinzi akamwambia, "Wewe nawe ingia, unachelewa." Akageuka akarudi nyumbani, na siku iliyofuata hakuja.

Doto alifaulu, akapangiwa kidato cha tano mkoa wa mbali. Kulwa aliambiwa ajisajili mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilijitolea kumfundisha bure, jioni, na kishikwambi cha shule nikamwahidi. Alikuja mara mbili. Mara ya pili aliniuliza, "Mwalimu, na safari hii mfumo ukinikata?" Nikasema nitahakikisha mwenyewe. Hakuja mara ya tatu. Alikwenda Nyashimo kwa shangazi yake, akajifunza cherehani, na mtihani ule hakuufanya tena, mwaka ule wala mingine.

Hayo yote niliyaweka mahali ambapo mtu huweka vitu hivyo, nikaendelea na kazi. Nilifanya mengine mazuri, msidhani nilikaa kulia. Nilirekodi vipindi kwenye simu kwa ajili ya waliokuwa wakienda kuvuna pamba. Nilifundisha walimu watatu kuandika ripoti bila kuniita kila baada ya mstari. Mtu anaweza kuwa na faida kwa watu mia na bado akawa na mmoja aliyemharibia.

Mwaka huu, miezi michache baada ya kustaafu, ukaja ujumbe kwenye wasap. Picha ilikuwa ya Doto, amevaa suti ya kitenge, amesimama mbele ya ubao. Amekuwa mwalimu. Ameajiriwa, na shule imempa kazi ya usajili wa watahiniwa kwa sababu ndiye kijana kuliko wote na wanadhani vijana huzaliwa na kompyuta.

"Mwalimu wangu, nitumie lile jedwali lako la kusafisha majina. Kila mtu anasema wewe ndiye fundi."

Tukasalimiana. Nikauliza habari za nyumbani.

"Baba alitangulia mwaka juzi. Presha. Kulwa alirudi kumuuguza lakini hawakuwahi kuongea vizuri mpaka anaondoka. Lile jambo la cheti, Mwalimu. Baba alilisema mpaka mwisho, kwamba alimfungia mwanawe mlango."

Nikampigia Doto nikamwambia yote, tiki kwa tiki.

"Mwalimu," akasema, "usinieleze mimi. Kulwa yuko nyumbani." Akakata.

Ndugu zangu, Doto ndiye aliyenitaka baadaye niyaandike haya, kwa ajili yenu nyote mnaoshika majina ya watoto wa watu. Majina ya wazee nimeyabadilisha. Ya Kulwa na Doto nimeyaacha, maana kwa majina hayo huku kwetu hamtampata mtu. Mkitaka ushauri wa kazi, ni huu: kompyuta itumieni, msije mkarudi kwenye wino kwa hofu yangu. Ila kabla ya kubonyeza, hifadhini nakala. Mkishabonyeza, waiteni watoto, mmoja mmoja, wajitafute wenyewe. Na ikitokea mmekosea, andikeni maelezo siku hiyo hiyo, wakati bado yanasukumika. Baada ya hapo huwa ni hadithi tu, kama hii.

Kwa Kulwa nilikwenda Jumamosi. Kulwa alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona sare ya shule. Mama yake alikuwa amekwenda Kiloleli kwa Shija, mdogo wao, aliyejifungua.

"Mwadila, Mwalimu," akanisalimia, ile salamu yao ya mchana.

"Mwadila, mayu." Nilimwita mama, kwa heshima, na kwa woga.

Akanivutia kiti. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, haraka, kama mtoto aliyevunja dirisha. Cherehani ikaendelea kwa mistari miwili, kisha mguu wake ukatulia juu ya pedeli.

"Tiki," akasema.

"Tiki."

"Na cheti cha baba?"

"Kilikuwa kimefika. Nilikuwa nacho kwenye faili."

"Kilifika lini?"

"Wiki mbili kabla."

Akakata uzi kwa meno. Akaikunja sare, nusu imeshonwa, akaiweka juu ya meza, akainyoosha.

"Alikuwa anakuja Nyashimo kuniona," akasema. "Kwa baiskeli, kutoka huku. Nilikuwa namwacha anakaa na shangazi, mimi natokea mlango wa nyuma naenda sokoni. Narudi akishaondoka. Nakuta kaniachia karanga."

Nikaanza kusema kwamba nasikitika, akanikatiza kwa mkono, vile vile alivyofanya baba yake siku ile uani.

"Njoo huku, Mwalimu."

Akanipeleka nyuma ya nyumba, kupita zizi. Kaburi lilikuwa la saruji, na jina limechorwa kwa kijiti wakati saruji bado mbichi. Luhende, kwa L.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Hayo uliyoniambia mimi."

"Kulwa, Kisukuma changu hakifiki huko."

"Sema Kiswahili. Nitamfikishia."

Kwa hiyo nilisimama pale jua la saa nane, nikamwambia Mzee Luhende. Nilisema sentensi, nikangoja, Kulwa akaisema kwa Kisukuma akitazama chini. Nikamwambia kwamba vyeti alivileta, na kwamba nilivipokea kwa mikono yangu. Akamwambia. Nikamwambia kwamba nilimfuta mwanawe kwenye orodha mimi, si mfumo. Akamwambia. Nikamwambia kwamba nilikunywa maziwa yake nikijua. Akamwambia. Nikaona nieleze vizuri ilivyokuwa, habari za majina yanayoandikwa kwa namna tatu, na haraka iliyokuwepo, na semina, na ofisi, na barua ambayo ningeweza kuiandika. Nilisema kwa muda mrefu. Mwalimu hajui kufupisha.

Nilipomaliza, yeye alisema maneno matatu tu, au manne.

"Umemwambia yote?" nikauliza.

"Hapana."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia, baba, si wewe."

Kisha akarudia kumwambia, na tena akarudia, mara hizo bila kunisubiri mimi nitangulie kusema.